Mzee Bado na Kahawa Iliyozidi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mwonjaji Mkuu wa maduka yetu ya kahawa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye kitambulisho chake, na huko linatosha. Sisi tunamwita Mzee Bado, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Tungependa kuandika kwamba wiki hii ya mwisho ameketi ofisini akipokea pongezi kwa utulivu. Hajaketi. Tangu makala hii ianze kuandikwa amekwishapita mbele ya dirisha mara kadhaa, mara ana kijiko mkononi, mara hana, mara anarudi kukitafuta. Ameaga idara ya usafirishaji mara mbili. Ya pili walimuuliza kama ya kwanza ilikuwa na kasoro.

Jina la Bado alilipata kwa haki. Kwa miaka yote hiyo, mtu akimsogezea kikombe na kumuuliza kama kahawa ni nzuri, alikuwa na jibu moja: "Bado." Hakusema mbaya. Mtu akiambiwa kahawa yake ni mbaya, hukasirika au hukata tamaa, na vyote viwili vina mwisho. Akiambiwa bado, hana pa kupumzikia. Tuna watengenezaji kahawa walioolewa, wakazaa, wakasomesha, na bado wanasubiri.

Alianza kama mpakuaji wa magunia kwenye ghala la kukaangia, wakati kampuni ina maduka mawili na moja linavuja. Hakupandishwa kuwa mwonjaji kwa sababu ya elimu wala kwa ndoto. Alipandishwa kwa sababu ya kelele. Kuonja kahawa si kunywa: unachota kwa kijiko, unafyonza kwa kishindo ili kahawa itapakae mdomoni kote, unaizungusha, kisha unaitema kwenye ndoo. Vijana wote waliojaribiwa siku ile waliona haya, wakafyonza kama wako ukweni. Yeye alifyonza hadi karani wa hesabu, kuta mbili mbele, akamwita fundi bomba. Utotoni mama yake alimpiga makofi kwa kunywa uji namna hiyo. Hapa akapewa koti jeupe.

Koti hilo halijawahi kuona kiti. Mzee Bado huonja akiwa wima, na mguu mmoja ukicheza kana kwamba kuna gari linamngoja nje. Alikuwa na hoja yake. Mteja wetu, alisema, anakunywa akitembea, mkoba begani na simu sikioni; "mimi nikionja nimekaa, nitakuwa naonja kahawa ya mtu mwingine." Kikombe akikipokea hakukikimbilia. Alikizunguka kwanza, akakiacha kipoe. "Ikiwa ya moto kila mtu ni rafiki yake. Ngoja ipoe ndipo utaijua tabia."

Wengi walidhani ulimi ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ulimi ulikuja mwisho. Akiingia dukani bila taarifa alianza na pua, mlangoni, akitafuta harufu ya maziwa yaliyoungua. Kisha macho: bomba la mvuke, je, lina ukoko wa maziwa ya jana? Kisha wateja: wangapi wanatia sukari kabla hata ya kuonja, maana hao wameshazoea kudanganywa. Mwisho alikwenda kwenye pipa la taka na kuchungulia, mikono nyuma, kama mkwe anayekagua jikoni. "Mteja atakwambia asante kwa adabu," alisema. "Pipa halina adabu." Vikombe vikitupwa vikiwa nusu, hukumu ilikwisha kutoka kabla ya kijiko kutolewa mfukoni.

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Tunaokumbuka mwaka wa sabuni tunakumbuka vizuri. Asubuhi moja alitangaza kwamba kahawa ya duka la sokoni ina ladha ya sabuni, akalifunga. Akaenda la benki: sabuni. Akaenda la chuo: sabuni. Mashine zikafunguliwa hadi parafujo ya mwisho, mabomba yakachokonolewa, muuza maziwa akaapa kwa watoto wake. Adhuhuri mkewe, ambaye ni mshonaji, alipiga simu kuuliza kama mumewe amependa ile dawa mpya ya meno. Mzee Bado hakutuma salamu za pole kwa mtu wa kati. Alirudi mwenyewe katika kila duka, akavua koti, akasaidia kukaza parafujo alizozifungulisha. Tangu siku ile hupiga mswaki kwa maji na chumvi, na akituhumu sabuni huanza kwa kujinusa mwenyewe.

Lakini mtu hakumbukwi kwa parafujo. Kisa tunachotaka kibaki ukutani ni cha stika.

Maduka yalipoongezeka hadi kila mtaa wenye taa za barabarani ukawa na letu, kampuni iliajiri Meneja wa Viwango. Tunamwita Bwana Sawasawa, na jina analipenda. Imani yake ilikuwa moja: mteja anywe kwetu leo upande huu wa mji na kesho upande ule, asijue tofauti. Tusimcheke. Mtu haendi duka kubwa kubahatisha. Akitaka kubahatisha kuna bahati nasibu. Kwa hiyo kila asubuhi, kwenye chumba cha kuonjea cha makao makuu, mashine moja iliyofunikwa kitambaa ilitengeneza kikombe cha mfano. Waonjaji walikionja hicho kwanza, kisha wakaenda madukani na ladha yake mdomoni, kulinganisha.

Hukumu zilikuwa tatu. Kahawa iliyo dhaifu au iliyochacha: imepungua. Iliyolingana na mfano: imefika. Iliyoupita mfano, yaani iliyoungua, kali, nzito kupita kiasi: imezidi. Imefika ilibandikiwa stika ya kijani kwenye mashine. Imepungua na imezidi zote zilikuwa nyekundu, na nyekundu tatu mfululizo zilimwondoa msimamizi wa mashine katika duka lake. Maneno haya yalitungwa na kikao kizima, kwa makini, na biskuti zikaliwa. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba kahawa inaweza kuzidi kwa uzuri. Kwa kahawa tuliyokuwa tukiuza wakati ule, hawakuwa na sababu ya kufikiria.

Duka letu la hospitalini ni dogo, limebanwa kwenye korido kati ya dirisha la dawa na lifti. Msimamizi wa mashine pale alikuwa dada mmoja ambaye wateja walimwita Dada Subiri, kwa kuwa kila agizo alilijibu "subiri kidogo." Alikuwa ameliomba duka lile mwenyewe. Mama yake alihudhuria kliniki ghorofa ya juu, na mtoto wa kumpeleka alikuwa yeye peke yake. Akimaliza zamu anavua aproni, anapanda lifti. Kuondolewa pale kungekuwa kuambiwa achague kati ya mshahara na mama.

Na alikuwa na nyekundu mbili. Mwonjaji msaidizi alizibandika wiki mbili zilizofuatana, zote kwa neno imezidi. Msaidizi hakuwa na roho mbaya. Kahawa haikufanana na mfano, naye alifanya alichotumwa. Ya tatu ikaangukia zamu ya Mzee Bado, na duka zima lilijua, hadi mfagiaji wa korido.

Alipofika alikwenda kwenye pipa, akasimama hapo muda mrefu kuliko kawaida yake. Vikombe vilikuwa vitupu. Vyote. Kimoja kilikuwa kimekunjwa na mtu aliyetaka kupata tone la mwisho. Sukari ilikuwa imejaa, haijaguswa. Akaagiza. "Subiri kidogo, baba," akaambiwa, na yeye aliyewaambia watu bado maisha yake yote ikabidi asubiri kama wenzake.

Dada Subiri hakuchota unga uliosagwa asubuhi, kama kitabu cha viwango kinavyoagiza. Alisaga wa kikombe kile kile kimoja. Akafuta mdomo wa mashine. Akamwaga maji ya kwanza. Nyuma ya Mzee Bado foleni ilikuwa ndefu, na ajabu haikuguna.

Alifyonza. Watu wawili waligeuka, mmoja akauliza kama kuna mgonjwa ameanguka. Kisha Mzee Bado alifanya jambo ambalo msaidizi wake, aliyekuwa ameshika kikopo cha kutemea, hadi leo hulisimulia kwa mikono miwili. Hakutema. Alimeza. Akatazama nyuma yake, akaona benchi ambalo mtu mmoja alikuwa ameketi na bahasha yake ya picha za eksirei, na akakaa. Akanywa kikombe hadi mwisho. Mguu ulikuwa umetulia.

Halafu utulivu ukamtoka wote kwa mpigo. Akasimama, akatoa stika nyekundu, akairudisha. Akatoka hadi maegesho ya magari, akarudi. Akaenda hadi lifti, ikafunguka, hakuingia, watu wa ndani wakamwangalia. Kwa kanuni jambo lilikuwa rahisi: kahawa ile haikulingana na mfano, kwa hiyo nyekundu. Alikuwa hajawahi kubandika uongo, na umri ule si wa kuanza mazoea mapya.

Dada Subiri ndiye aliyemkatiza. "Baba, bandika tu uende. Kunizunguka hivi kama mtu aliyepoteza ufunguo hakunisaidii."

Akamuuliza kwa nini anasaga kikombe kwa kikombe na kitabu kimesema kopo zima asubuhi.

"Kitabu hakijawahi kusimama hapa, baba. Watu wa hii korido wana mambo ya kutosha ya kumeza. Siwezi kuwaongezea na kahawa ya jana."

Mzee Bado akatoa stika ya kijani na kuibandika. Imefika. Msaidizi akashusha pumzi, akidhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu Mzee Bado ni mtu wa hesabu moja tu lakini anaijua: ikiwa hii imefika, basi ile iliyo chini yake haijafika. Alirudi makao makuu, akapita mapokezi bila salamu, jambo lililomfanya dada wa mapokezi apige simu nyumbani kwake kuuliza kama kuna msiba. Akaingia chumba cha kuonjea. Akafunua kitambaa. Akabandika stika nyekundu kwenye mashine ya mfano.

Bwana Sawasawa alikuja mbio akiwa na tai begani. "Mzee, umefanya nini? Hii ndiyo inayopimia nyingine!"

"Na yenyewe nani kaipima?"

Kikao kiliitwa siku iliyofuata, mbele ya Mama Mkurugenzi. Mzee Bado aliongea akiwa wima, kama kawaida, lakini safari hii na wengine walisimama kwa wasiwasi. Alisema akionekana amekosea, aondolewe yeye, na yule dada aachwe na mashine yake na mama yake. Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Mkewe alipopata habari alisema kwamba kumbe hata kazi anaweza kuitema.

Dada Subiri akaitwa na kinu chake cha kusagia. Vikombe viliwekwa mezani bila alama: kahawa ya mfano upande mmoja, yake upande mwingine, na aliyejua ipi ni ipi alitolewa nje akafungiwa mlango. Mama Mkurugenzi alifyonza kwa mara ya kwanza maishani, ukatoka mlio wa mtoto anayemalizia soda kwa mrija, tukatazama dari. Mhasibu alisema kahawa zote mbili ni za moto. Wengine walisema ya kushoto, wengine ya kulia, mmoja aliomba maziwa akanyimwa. Mzee Bado alikatazwa kuonja. Alizunguka meza hadi Mama Mkurugenzi akamwomba azunguke nje.

Mwisho macho yakaenda kwa Bwana Sawasawa. Alionja ya kushoto, akatema, akaandika. Akaonja ya kulia. Akaonja tena. Akaitafuta kalamu, ilikuwa mkononi. Hatimaye akasema, na katika kinywa chake hakuna tusi kubwa kuliko hili: "Hii ya kulia ni tofauti."

Alisema kweli. Lakini alisema akiwa ameshika kikombe, na kila aliyekuwa chumbani aliona kwamba kikombe ni kitupu na ndoo yake haijaongezeka.

Mama Mkurugenzi alimwita Mzee Bado ndani, pamoja na yule aliyefungiwa mlango, naye akathibitisha kwamba ya kulia ni ya Dada Subiri. Kisha akasema maneno ambayo sasa yamechapishwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha viwango: "Basi tofauti hiyo ndiyo iwe sawa."

Stika mbili nyekundu za hospitalini zilibanduliwa. Dada Subiri alirudi kwenye korido yake alasiri ile ile, akakuta foleni. Hukumu ya imezidi ikagawanywa, iliyozidi kwa ubaya na iliyozidi kwa uzuri, na kila robo mwaka kikombe cha mfano kinatengenezwa kwa namna ya duka lililozidi mengine kwa uzuri. Aliyehangaika hadi kusaga kikombe kwa kikombe kukawezekana madukani ni Bwana Sawasawa mwenyewe, na tumpe haki yake: yeye ndiye aliyetafuta vinu vidogo, akapanga foleni upya, akasimama kaunta kupokea matusi ya wiki za mwanzo. Duka la stesheni ya treni ndilo lililotushinda. Watu walisubiri kahawa, treni haikuwasubiri watu. Pale kopo la asubuhi bado linatumika, na Mzee Bado akipita huko hugeuza uso, kama mtu aliyemwona mdeni wake na kuamua kumstahi.

Kuanzia Jumatatu, Mwonjaji Mkuu wetu mpya ni Dada Subiri. Amekubali kwa sharti moja, kwamba ofisi yake iwe pale pale kwenye korido, karibu na lifti. Mama yake yupo, anahudhuria kliniki, na anasema kahawa ya bintiye ina sukari kidogo.

Sasa tubaki na hofu yetu. Mkewe Mzee Bado alifika ofisini mwezi uliopita kuuliza kama inawezekana astaafishwe polepole, kwa awamu. "Ninyi mmekaa naye miaka yote mmemwekea ndoo," alisema. "Mimi chai yangu ataitemea wapi?" Vijiko vya mezani ameshavificha. Tulicheka sana. Siku hiyo hiyo Mzee Bado alikuwa anaosha vijiko vyake, akasema bila kumtazama mtu, "Jumatatu nikiamka, nitakwenda kuangalia nini?" Birika ndilo lililojibu, nalo si kwa ushauri.

Zawadi ya wafanyakazi ni kiti. Kuna mabishano kama hiyo ni zawadi au vitisho. Mto wake umeshonwa na mkewe, kitambaa imara, maana anamjua anayekusudiwa. Ijumaa, saa kumi alasiri, kitawekwa kwenye chumba cha kuonjea mkabala na mashine ya mfano, Dada Subiri atasaga ya kikombe kimoja, na ndoo itakuwa imefungiwa stoo. Akikaa, tutajua imefika. Akibaki wima, basi ni bado, na ataruhusiwa kuingia tena dukani Jumatatu kupitia mlango wa wateja, apange foleni kama watu.

Mzee wetu, asante kwa pua, kwa kelele, kwa kila pipa ulilochungulia kwa niaba yetu, na kwa lile neno lako ambalo lilitunyima usingizi na kutupa kahawa. Asante kwa kupima mashine ambayo sote tuliifunika kitambaa na kuiamini. Wengine hutakiwa maisha mema. Wewe tunakutakia maisha yaliyozidi, na safari hii stika ni ya kijani.